Nukta Mbili Nyuma ya Pampu

Siku ile tulikuwa saba. Alikuwepo ba'mdogo Mbaraka, mdogo wake marehemu baba. Alikuwepo Fundi Kassimu, mwenye ua wa gereji pale Manzese. Walikuwepo Chande na Maneno, wapakiaji mchanga wa ba'mdogo, watu wa mabeleshi, wenye mikono minene kama mihogo. Alikuwepo mdogo wangu Rajabu, miaka minane, kakaa juu ya ringi ya tairi anakula andazi. Alikuwepo mjomba Athumani, dereva wetu, ambaye alifika wa mwisho. Na mie, Mwanahawa, mtoto wa kwanza wa marehemu, miaka kumi na mitatu. Wawili kati ya hao wameshatangulia mbele ya haki. Wengine tupo, na kila mmoja anaikumbuka siku hiyo kwa namna yake.

Mie hukumbushwa na harufu. Wiki iliyopita jirani yangu alikuja kuomba ndoo, na begani kaning'iniza kitambaa alichofutia jenereta. Nikasimama mlangoni na ndoo mkononi kama niliyesahau njia ya kwenda jikoni. Mafuta ya taa yanapanda puani halafu yanaondoka zake. Dizeli haiondoki. Inakaa kooni, na ikilowana kwenye kitambaa inakuwa na utamu fulani mbaya, kama tunda lililooza. Jirani akaniuliza, "Da Mwana, unaumwa?" Nikamwambia kichwa tu.

Mama yetu alifariki alipomzaa Rajabu. Baba hakuwa na wa kumwachia msichana mkubwa kama mie, basi siku zisizo za shule alinipandisha kwenye lori. Lilikuwa lori la tani saba, la buluu, linabeba mchanga kutoka Pugu. Watoto wenzangu wa Tandika walijua kusuka ukili na kupika vitumbua. Mie nilijua kutoa hewa kwenye mabomba ya dizeli. Shangazi zangu walilalamika kwamba nitakosa mchumba. Baba aliwajibu kwamba mchumba mwenye gari bovu atanitafuta mwenyewe.

Alikuwa na maneno yake. "Anza kwenye tangi, maliza kwenye nozeli. Ukianzia katikati umeshapotea." Alinifundisha kuusoma ugonjwa kwa kidole gumba. Kuna kitufe cha kupampu kwa mkono pale ubavuni mwa injini, wanakiita pampu ya mkono. Ukikibonyeza kikawa laini tepetepe, kuna hewa imeingia mahali. Ukikibonyeza kikazama, halafu kikawa hakitaki kurudi juu, kama kuna mtu ndani anakivuta, ujue mafuta hayatoki kwenye tangi. Kuna kitu kimeziba huko nyuma. Na kama huna uhakika kabisa, alikuwa na dawa yake ya mwisho, aliyoiita dripu. Nitaieleza, maana ndiyo iliyokuja kutuokoa, kama kuokoka ndiko kule.

Baba aliondoka kwa homa ya siku tatu. Nilikuwa darasa la sita, na sikurudi tena shuleni. Lori likasimamiwa na ba'mdogo Mbaraka, na dereva akawa mjomba Athumani, kijana wa Rufiji aliyekuwa utingo wa baba kwa miaka mingi. Hakuwa mjomba wetu wa damu, ila yeye ndiye aliyekuwa akipita Tandika kila jioni kutuuliza tumekula nini. Ba'mdogo alipita Idi mpaka Idi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Maduka ya spea yalifunguliwa Kariakoo kama uyoga baada ya mvua, na palipo na duka la spea pana mwizi wa spea. Mchezo mkubwa ulikuwa pampu ya dizeli, ile pampu kubwa inayosukuma mafuta kwenye nozeli zinazoyanyunyiza ndani ya injini, roho ya gari. Dereva asiye mwaminifu anaiuza nzima, anafunga iliyochoka, kisha anamwambia tajiri wake gari limezeeka. Kwa hiyo wenye magari walikuwa wanatia alama kwenye spea zao. Wengine walipaka rangi ya kucha. Baba alichukua msumari wa chuma na nyundo, pampu ikiwa juu ya benchi, akapiga nukta mbili, tap, tap, akaniambia, "Wewe ndiye shahidi." Nikajiona mtu mkubwa sana.

Basi lori likaanza kuumwa. Likiwa tupu linakwenda vizuri. Likipakia mchanga na kukuta mlima, linakohoa, linaishiwa nguvu, linazima. Ukilisubiri robo saa linawaka tena kama halijafanya kitu. Mara ya tatu likazimia Manzese na mchanga wake, likasukumwa mpaka uani kwa Fundi Kassimu. Mjomba Athumani akasema ni chujio limechafuka, akaenda mjini kununua jipya. Huku nyuma ba'mdogo akaja na Chande na Maneno, akanipitia Tandika pamoja na Rajabu. Alitununulia maandazi, na hiyo ingetosha kunishtua.

Uani palikuwa na joto la asubuhi linalonuka mpira na vumbi la simenti. Fundi Kassimu alikuwa ameshafunua injini. Ba'mdogo akanishika bega.

"Njoo, mtoto wa marehemu. Baba yako alisema wewe ndiye shahidi wake. Hii ndiyo pampu yake?"

Nikapanda juu ya bampa, nikainama. Nikafuta grisi kwa kanga yangu. Nikatazama mbele ya pampu pale nilipokumbuka nyundo ikishuka. Palikuwa laini. Wanaume wanne walinitazama wakisubiri neno langu, watu wazima, nami miaka kumi na mitatu.

"Siyo," nikasema.

"Sema tena."

"Siyo pampu ya baba. Haina nukta."

Ba'mdogo akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata alichokuwa anakitaka. "Mtoto wa marehemu hasemi uongo," akawaambia wenzake. Kisha akaokota mkanda wa feni uliokatika, akauzungusha kiganjani.

Mjomba Athumani aliingia na chujio limefungwa kwenye gazeti. "Salaam aleikum," akasema, na kabla hajaitikiwa mkanda ukampata usoni. Nakumbuka sauti yake kuliko kitu chochote. Mpira mkavu wenye meno, juu ya shavu la mtu. Chujio likaanguka, likabingirika hadi miguuni kwa Rajabu.

"Umeiuza wapi?"

"Nini, bosi?"

"Pampu! Umeiuza wapi, mwana haramu wewe?"

Chande akamkaba kutoka nyuma. Maneno akampiga ngumi ya tumbo, akakunjika, wakamnyanyua, akapigwa tena. Damu ya pua ilimchuruzika hadi kwenye shati lake la mtumba, lile la maua ambalo tulikuwa tukimcheka nalo. Aliapa kwa Mungu. Aliapa kwa kaburi la mama yake. Kila alipoapa walimpiga, kama vile kiapo ndicho kosa.

"Usipige kelele," ba'mdogo akamwambia kwa upole kabisa. "Mie nakufanyia hisani. Nikitoka pale nje nikaita mwizi mara moja tu, Manzese nzima itakuja na matairi na mafuta ya taa. Unataka?"

Mjomba Athumani akaacha kuapa. Sote tulijua si tishio la mdomo. Mwezi ule ule tulikuwa tumepita mahali penye duara jeusi barabarani, na baba wa watu alikuwa ameishia pale kwa ajili ya redio.

"Mtoto kasema mwenyewe," Maneno akasema huku anahema. "Siyo pampu yao."

Mjomba akageuza uso wake, jicho moja limeshafumba, akanitafuta. Hakunitazama kwa hasira. Angenitazama kwa hasira ningelala vizuri miaka hii yote.

Nikamgeuzia mgongo. Nikajificha mahali pekee nilipopajua, ndani ya injini. Niliinamia ile pampu kana kwamba nina kazi nayo, nikapitisha mkono nyuma yake, upande unaotazamana na injini, ambako jicho halifiki. Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka tu mikono yangu iwe mahali. Na pale, chini ya grisi, kidole changu kikatumbukia kwenye shimo dogo. Pembeni yake, lingine.

Nukta mbili.

Baba alikuwa ameipiga pampu ikiwa juu ya benchi, upande uliokuwa juu wakati ule. Alipoifunga kwenye gari, upande huo ukaenda nyuma, ambako mwizi hawezi kuuona. Ndiyo sababu aliuchagua. Mie niliikumbuka nyundo, sikukumbuka kwamba pampu ingegeuzwa.

Nyuma yangu walikuwa wanampiga. Ilinipasa kugeuka na kusema maneno matatu: "Nimekosea, ndiyo yenyewe." Nilifungua mdomo. Nikafikiria mkono wa ba'mdogo, na mkanda. Lakini niwe mkweli kwenu, si mkanda ulionizuia. Nilifikiria "mtoto wa marehemu hasemi uongo". Nilikuwa nimeitwa shahidi mbele za watu, na utu uzima wote niliokuwa nao duniani ulikuwa ndani ya lile neno "siyo". Basi nikatafuta njia ya kumwokoa mjomba bila kulirudisha neno langu.

"Ba'mdogo," nikasema, "tuiwekee dripu kwanza."

"Nini?"

"Dripu. Baba alikuwa anafanya. Tujue kama ni pampu kweli, au mafuta hayafiki."

Fundi Kassimu akacheka, lakini niliona amepata pumzi. Yeye hakuipenda kazi ile kufanyika uani kwake. "Lori linaumwa malaria, siyo? Lakini mtoto ana akili, bwana Mbaraka. Marehemu kweli alikuwa anafanya hivyo. Ukipeleka kesi ya pampu polisi, watataka ushahidi."

Dripu ya baba ilikuwa hivi. Unachukua dumu la dizeli safi, unalifunga juu ya kebini. Unatumbukiza ndani yake mpira mwembamba wa hospitali, ule unaoonekana kitu kinachopita, unauvuta hadi kwenye injini, na kulikata tangi lisihusike kabisa. Mafuta yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Kama injini bado inakosa nguvu, mgonjwa ni pampu. Kama inavuta mzigo vizuri, pampu ni nzima, na ugonjwa uko kati ya tangi na injini.

Fundi alikuwa na mpira huo kwenye sanduku lake. Nikabonyeza pampu ya mkono kwanza. Ikazama, ikakataa kurudi. Fundi alijaribu naye, akanitazama. Tulifunga chujio jipya la mjomba, tukafunga dumu kwa kamba ya katani, tukatoa hewa. Mikono yangu ilijua njia. Kila kitu kilichukua muda wake, na muda huo wote mjomba Athumani alikuwa amekalishwa chini, kaegemezwa kwenye ringi kuukuu, Chande amemkanyaga paja.

Injini ikawaka. Lakini injini ya gari lililosimama haikuambii kitu, lazima ibebe. Mchanga bado ulikuwa nyuma. "Tulipandishe kilima," Fundi akasema. Yeye akashika usukani, ba'mdogo akakaa katikati. Mie nikapanda upande wa pili, mkono nje, nimelishika dumu.

Kabla hatujatoka ba'mdogo akaniinamia, akatoa kichwa dirishani. "Mwulizeni vizuri," akawaambia Chande na Maneno. "Nikirudi nikute ameshakumbuka."

Tukatoka, tukaingia barabarani, tukapanda, tukageuza, tukapanda tena. Lori lilivuta kama ng'ombe mwenye hasira. Halikukohoa. Niliona dizeli ikishuka kwenye mpira, safi, bila povu hata moja, na niwaambieni aibu yangu: nilifurahi. Upepo ulinipiga usoni, Fundi Kassimu alipiga honi kwa raha, nikajisikia kama baba yuko pembeni yangu. Ba'mdogo alikuwa anatafuna midomo yake.

Tuliporudi, Rajabu alikuwa amesimama katikati ya ua. Andazi lilikuwa bado mkononi, limebonyea. Hakulia. Alisema, "Dada, wamempiga na spana kwenye vidole."

Ulikuwa mkono wa kushoto, mkono wa gia. Waliuweka juu ya ringi.

Maneno alijitetea kwamba hakukusudia, kwamba jamaa alikuwa anatapatapa. Fundi Kassimu alimtukana matusi ambayo sijayasikia tena. Kisha, kwa sababu mtu anapokuwa hajui la kufanya hufanya kazi anayoijua, akaingia chini ya lori, akafungua tangi, akamimina mafuta kwenye beseni. Akapuliza bomba kwa mdomo, halikupitisha. Akapuliza tena kwa nguvu hadi mishipa ya shingo ikasimama, na ndani ya tangi kikasikika kitu kikiachia, kikigonga bati kama panya.

Akaingiza waya, akakivuta nje. Kilikuwa kifurushi kidogo cha kaniki nyeusi kilichoshonwa kwa uzi mweupe, kimevimba kwa dizeli, kona moja imefumuka na kipande cha nguo kinaning'inia kama ulimi. Hirizi. Injini ilipovuta kwa nguvu, kile kitambaa kilikwenda kuziba mdomo wa bomba. Injini ilipozima, kilielea pembeni. Ndiyo maana lori lilikuwa linapona baada ya robo saa.

Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Ba'mdogo mwenyewe alinyoosha mkono, akaichukua, akaitia mfukoni mwa suruali yake safi ya kijivu, na doa likaanza kutanuka pajani huku sote tunatazama. Watu walikuwa wanafanya hivyo miaka ile; unakwenda kwa mtaalamu, unapewa kitu cha kumnasa dereva anayekuibia mafuta.

"Basi, dawa imefanya kazi," Maneno akasema, nadhani kwa kutafuta kicheko.

Ba'mdogo akamzaba kofi lililomwangusha juu ya beseni. Kisha akatoka nje ya ua kwa miguu, hakumwomba radhi mtu, wala hakuja kuomba mpaka tulipomzika yeye mwenyewe.

Fundi Kassimu ndiye aliyetupeleka hospitali, kwa lori lile lile. Nilimshikilia mjomba kichwa mapajani. Nikaanza, "Mjomba, mie ndiye niliyesema..." akanikatiza. "Najua. Uliulizwa, ukajibu ulichoona. Mtoto atafanyaje? Na wewe ndiye uliyeniokoa, Mwana. Bila dripu yako wangeniua." Alisema hivyo huku meno mawili hayapo, maneno yanapita na upepo. Sikumalizia sentensi yangu. Ilikuwa na sehemu ya pili.

Vidole viwili havikukunjika tena. Alijifunza kutia gia kwa kiganja, akatuendeshea lori lile hadi Rajabu alipomaliza shule, hadi injini yenyewe ilipokufa kifo cha uzee. Nilikuja kuelewa baadaye, nikiwa nalea watoto wangu, kwamba ba'mdogo aliniuliza mie kwa sababu alijua mtoto yatima atatoa jibu lolote litakalomfanya ahesabiwe. Hilo nimejisamehe. Lakini hakuna aliyeniuliza chochote kuhusu nukta mbili. Zile dakika za kufunga dumu, kutoa hewa, kupanda kilima mara mbili na honi inalia, nilizitumia kulinda neno langu. Vidole vilivunjwa ndani ya dakika hizo.

Mjomba Athumani yuko hai, anaishi Mbagala. Binti yake wa mwisho amempa jina langu. Mwaka jana, kwenye harusi ya huyo Mwanahawa mdogo, alisimama mbele ya wageni, akanyanyua ule mkono wa kushoto, akasimulia habari za mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeliwekea lori dripu kumwokoa mtu. Watu walipiga vigelegele. Akaniita mbele. Nikaenda, nikamshika mkono, vile vidole vigumu vikiwa ndani ya kiganja changu, nikamwambia, "Shikamoo, mjomba." Akasema, "Marahaba, mwanangu." Nikarudi kukaa.

Kutoka kwangu hadi Mbagala si mwendo wa saa nzima. Nimeshajiandaa mara nyingi, mara moja nilifika hadi mlangoni kwake, nikakaribishwa chai na mihogo, tukazungumza bei ya mkaa. Sasa nimeyaandika haya, na nyie mmejua kabla yake. Hilo nalo limeongezeka juu ya lile ninalodaiwa.